Toni ya Mpiga Gitaa ni Kitu Gani?

Wapenzi wa muziki wa roki wanapobishana juu ya wapiga gitaa wawapendao, neno linalorudi mara kwa mara ni toni. Toni ni rangi ya sauti: ung'avu au kiza chake, wembamba au unene, usafi au mkwaruzo. Si kimo cha noti, yaani ujuu au uchini wake, wala ukubwa wa sauti, kwani noti ileile ikipigwa kwa nguvu ileile na watu wawili, sikio lililozoea litatambua nani ni nani. Mtindo wa upigaji ni jambo jirani, nao unahusu noti zipi zichaguliwe, zipigwe wakati gani, na wapi mpigaji anyamaze.

Wengi huitafuta toni katika vifaa, na kweli vifaa vina mchango wake. Stratocaster, gitaa lililotolewa na kampuni ya Fender mwaka 1954, hunasa mtetemo wa nyuzi kwa koili (waya uliozungushwa juu ya sumaku) mojamoja na kutoa sauti angavu yenye ncha, ilhali Les Paul ya kampuni ya Gibson, ambayo tangu 1957 ilianza kufungwa koili mbilimbili zinazofuta mvumo wa umeme, hutoa sauti nene na nzito zaidi. Amplifaya nayo, ikisukumwa kupita uwezo wake, hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na hapo ndipo mkwaruzo wa roki unapozaliwa.

Hata hivyo, wapiga gitaa Jimi Hendrix, David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd na Mark Knopfler wa Dire Straits wote walijulikana kwa Stratocaster, na hakuna anayeweza kuwachanganya. Hendrix, aliyetumia mkono wa kushoto, aligeuza gitaa la mkono wa kulia na kuzifunga nyuzi upya. Dole gumba lake lilipita juu ya shingo ya gitaa na kubana nyuzi za besi, hivyo vidole vingine vikabaki huru kupamba kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), na mtu mmoja akasikika kama anapiga ridhimu na solo kwa pamoja. Mlio unaotokea sauti ya amplifaya inaporudi na kuzitetemesha nyuzi, ambao wengine waliukimbia, yeye aliufanya sehemu ya muziki. Gilmour hupiga noti chache, huuvuta uzi polepole hadi noti ipande na kufika inapotakiwa, kisha huiacha ielee juu ya mwangwi. Kwa maoni yangu, hakuna aliyemzidi katika kuipa noti moja muda wa kuishi. Knopfler alizaliwa na mkono wa kushoto kama Hendrix, lakini alijifunza kupiga kwa wa kulia, tena kwa vidole vitupu. Kwa kuwa nyama ya kidole ndiyo inayogusa uzi, kila noti yake huanza kwa uzito tofauti, laini hapa na yenye mchomo pale, kama mtu anayezungumza.

Mfano wa Tony Iommi wa bendi ya Black Sabbath unagusa zaidi. Akiwa na umri wa miaka 17, mashine ya kiwandani mjini Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ambao kwake, kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, ndio unaobana nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa kutoka kwenye chupa, akafunga nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza ili zisiumize. Nyuzi zilizolegezwa hushuka kimo, na uzito ule ukawa msingi wa metali, yaani roki nzito, yote iliyofuata. Hapa maumivu yaliamua toni kabla ya kifaa chochote.

Brian May wa Queen, bendi ya mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar, hupiga gitaa alilolichonga na baba yake nyumbani, likiwa na shingo iliyotokana na mbao za meko ya zamani. Badala ya kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, hushika sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita. Sarafu haipindi, kwa hiyo vidole vyake huhisi kila mguso wa uzi, na kingo zake zenye meno, akiigeuza kidogo tu, huongeza mkwaruzo mwembamba mwanzoni mwa noti.