Mafuta ya Breki Huchakaa Hata Yasipopungua

Kwa miaka mingi imekuwa ikisemwa kwenye gereji, hapa Malindi na kwingineko, kwamba mafuta ya breki hayabadilishwi bali huongezwa tu yanapopungua. Kwa mwenye gari dogo lenye injini kali anayetaka kuliendesha kwenye uwanja wa mbio, kauli hiyo ni ya hatari.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4, yaani madaraja ya kawaida ya mafuta ya breki, hufyonza unyevu wa hewa polepole, na hewa ya pwani yetu haiukosi. Kiwango cha DOT 4 hutaka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingiwa na maji ya takriban asilimia 3.7, kima hicho hushuka hadi 155. Safari ya kawaida ya Watamu haitafichua tofauti hiyo, kwa kuwa breki hupata muda wa kupoa. Uwanjani, ambako dereva hukanyaga breki kwa nguvu kabla ya kila kona kali, mafuta yaliyochakaa huweza kuchemka ndani ya kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, na kwa kuwa mvuke hukandamizika kwa urahisi, pedali huzama bila gari kupunguza mwendo.

Kupungua kwenyewe mara nyingi hutokana na kulika kwa pedi, au na uvujaji, hivyo anayeongeza tu huenda anaficha kasoro nyingine. Kabla ya siku ya uwanjani mafuta yote yabadilishwe, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, na hewa itolewe kwenye breki za magurudumu yote manne.