Je, wajua kwa nini kimya cha sekunde saba jukwaani hukumbukwa kama dakika nzima?

Waulize wanamuziki kuhusu onyesho lililowaendea mrama, na wengi watakusimulia habari ya kimya. Maneno yalipotea, au uzi wa gitaa ulikatika, au bendi iliingia wimbo mmoja na mwimbaji akaingia mwingine, halafu pakatulia tuli. "Dakika nzima," watakuambia. Wengine watasema mbili.

Nami ni miongoni mwao. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naimba huku napiga gitaa, wimbo niliouzoea kama jina langu. Kiitikio cha kwanza kilipokwisha nilifungua mdomo niingie ubeti wa pili, na hapakuwa na neno. Nakumbuka vidole vya mkono wa kushoto vilivyoganda kwenye shingo ya gitaa. Nakumbuka kitaa chekundu cha spika iliyokuwa miguuni pangu. Nakumbuka mpiga drumu akiacha kupiga, na bwana mmoja wa mstari wa mbele akitazama saa yake. Ningeapa kwamba nilisimama hivyo dakika nzima. Rafiki yangu alikuwa amerekodi kwa simu. Kimya changu ni sekunde saba, na drumu haikunyamaza hata mpigo mmoja.

Kwa muda mrefu nilikuwa na maelezo ya jambo hili, na niliyatoa kwa yeyote aliyeniuliza. Nilisema hofu huuongezea ubongo kasi. Unakuwa kama kamera inayopiga picha nyingi mno kwa sekunde, na picha hizo zikichezeshwa kwa mwendo wa kawaida, tukio linaonekana kwenda polepole. Kila aliyeponea ajali chupuchupu husimulia hivyohivyo, kwa hiyo sikuona sababu ya kutilia shaka. Lakini nilikosea, na kosa lenyewe ni la kufunza, kwa sababu kuna watu waliolipima.

Mwaka 2007, watafiti Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mwanamuziki alijue. Waliwaachia watu waanguke chali kutoka kimo cha mita 31, bila kamba, hadi kwenye wavu. Kila mmoja alivaa mkononi kifaa kidogo chenye tarakimu zilizokuwa zikimetameta kwa kasi kupita uwezo wa jicho, kiasi kwamba ukiwa umesimama chini huwezi kuzisoma. Hoja ilikuwa rahisi: kama hofu kweli huongeza kasi ya kuona, basi anayeanguka ataona tarakimu zikipunguza mwendo, na atazisoma.

Hawakuweza. Walipokuwa angani hawakuzisoma vizuri zaidi ya walipokuwa ardhini. Lakini baadaye, walipoombwa kukadiria kwa saa ya kupimia jinsi anguko lao lilivyochukua muda, makadirio yao yalizidi kwa takriban asilimia 36 yale waliyotoa walipowatazama wenzao wakianguka. Yaani wakati haukupungua mwendo walipokuwa wakianguka. Ulirefuka walipoukumbuka.

Hapa ndipo palipo na utamu wa jambo lenyewe. Chukulia muda unaoukumbuka kuwa ni kamba. Ubongo hauna rula ya kuipimia kamba hiyo baada ya tukio, kwa hiyo hupapasa na kuhesabu mafundo. Wimbo ukienda sawa, mafundo ni machache: umeanza, umefika kwenye kiitikio, watu wamepiga makofi, umemaliza. Dakika nne zinapita mkononi laini, na kesho yake huna cha kusimulia. Sasa likatokee kosa. Ghafla kila kitu kinafungwa fundo: kitaa chekundu, jasho mgongoni, kikohozi cha mtu nyuma ya ukumbi, waya wa maikrofoni uliojizungusha mguuni. Ndani ya sekunde saba unafunga mafundo mengi kuliko uliyofunga kwenye wimbo wote uliotangulia. Mwaka unaofuata unapapasa tena, unahesabu, na mkono unakwambia: kamba hii ni ndefu sana. Si ndefu. Imefungwa mafundo ya karibukaribu.

Anayeyafunga mafundo ni nani? Kwa sehemu kubwa ni homoni za mshtuko, hasa adrenalini, zikishirikiana na kijisehemu cha ubongo kiitwacho amigdala, ambacho huziambia sehemu nyingine za ubongo "hili lihifadhi." Mwaka 1994 watafiti Larry Cahill na James McGaugh pamoja na wenzao waliwasomea watu hadithi yenye sehemu ya kusikitisha, ikiandamana na picha. Kwa kawaida sehemu hiyo ndiyo ikumbukwayo zaidi. Waliokuwa wamemeza propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, waliikosa nyongeza hiyo ya kumbukumbu. Propranololi ndiyo hiyohiyo ambayo baadhi ya wanamuziki wa okestra humeza ili mikono isitetemeke jukwaani. Katika uchunguzi wa mwaka 1987 kwa wanamuziki wa okestra za Marekani, zaidi ya robo walisema wamewahi kutumia dawa za kundi hilo.

Inafaa kuongeza tahadhari. Kuanguka kwenye wavu si kusahau ubeti, na walioanguka hawakuwa wengi. Wazo la mafundo, kwamba wingi wa kumbukumbu ndio unaorefusha muda, ni tafsiri inayoyaeleza vizuri matokeo hayo, ila bado ni tafsiri. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba ile kamera yangu ya mwendo wa polepole ilijaribiwa na haikupatikana.

Kuna kosa la pili nililokuwa nalo, nalo liliniuma zaidi. Niliamini kwamba kumbukumbu iliyo wazi kiasi kile lazima iwe sahihi. Lakini drumu? Niliisikia ikinyamaza. Wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwauliza wanafunzi, siku iliyofuata mlipuko wa chombo cha anga cha Challenger mwaka 1986, walikuwa wapi waliposikia habari hiyo. Zaidi ya miaka 2 baadaye waliwauliza tena. Wengi walitoa masimulizi yaliyotofautiana sana na yale ya kwanza, tena kwa uhakika mkubwa, na baadhi yao walipoonyeshwa maandishi ya mkono wao wenyewe hawakuyakubali. Mshtuko huipa kumbukumbu rangi kali na kumpa mwenyewe uhakika. Usahihi hautolewi kwa kipimo hichohicho.

Ndiyo maana napenda maonyesho yaliyoharibika mbele ya kamera. Desemba 2016 huko Stockholm, mwimbaji Patti Smith aliimba wimbo wa Bob Dylan kwenye hafla ya Tuzo za Nobel, akakwama katikati, akaomba radhi kwamba ana wasiwasi, kisha akaendelea hadi mwisho. Baadaye aliandika kwamba maneno hakuwa ameyasahau. Yalikuwamo ndani yake, ila hakuweza kuyatoa. Mwimbaji Barbra Streisand alisahau maneno katika Central Park, New York, mwaka 1967, na amesema tukio hilo lilimtia hofu ya jukwaa kwa miaka mingi, hadi ziara yake ya mwaka 1994. Kwa upande mwingine, mpiga piano Maria João Pires alikaa mbele ya piano jijini Amsterdam, Riccardo Chailly akiongoza okestra, akasikia ikianza konseto (utunzi wa piano na okestra) ya Mozart ambayo siyo aliyojiandaa kuipiga. Konseto hiyo, ya 20, huanza na okestra peke yake kwa zaidi ya dakika mbili. Akisema zilikuwa dakika mbili za mateso, saa itamuunga mkono. Kisha akaipiga kwa kichwa.

Na wasikilizaji? Mtafiti Bruno Repp aliwapa wapiga piano rekodi za wenzao mwaka 1996 wayatafute makosa. Masikio hayo yenye ujuzi, kwa pamoja, yaliyapata chini ya nusu.

Nimeitazama video yangu mara nyingi sasa. Viti vya mstari wa mbele, vile ninavyoviona kwenye picha, havina bwana mwenye saa. Kuna wasichana wawili wanaoongea. Mpiga drumu anaonekana vizuri, kichwa kimeinama, anazungusha mpigo uleule akinisubiri. Nayajua hayo yote. Usiku nikifumba macho, drumu inanyamaza palepale.