Barabara ya Pamoja Siyo Barabara Isiyo na Ukingo

Kwa mara ya tatu mwaka huu, katika mkutano wa mtaa hapa Mwanga, Kigoma, nimemsikia mtu akisema kwamba barabara yetu ya vumbi ni "barabara ya pamoja", kwa kuwa haina ukingo ulioinuka wa kutenga njia ya magari na ya watu, na watoto, bodaboda na malori ya mchanga hupita humo humo.

Barabara ya pamoja ni ile iliyosanifiwa kwa makusudi bila ukingo kati ya magari na watu, ili dereva alazimike kwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Chimbuko lake ni mji wa Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1976 sheria ya nchi hiyo iliitambua. Waholanzi waliiita woonerf: sehemu ya kwanza inatokana na kuishi, na erf ni eneo linalozunguka nyumba, yaani ua. Barabara haimo kabisa katika neno hilo. Mtu anayeingiza gari kwenye ua wa watu hapigi honi, bali husimama hadi mama aanue mkeka wenye dagaa na mtoto aokote mpira wake, kwa sababu anajua kuwa yeye ndiye aliyewakuta. Tafsiri yetu imeutupa ua na kubakiza barabara, ndiyo maana wengi wanadhani kuchanganyika kunatosha. Mimi ningesema "ua wa mtaa", kwa kuwa neno mtaa kwetu hutaja wakazi na mwenyekiti wao kabla ya kutaja njia.

Ua huo haujengwi popote. Hufaa penye magari machache, yasiyozidi kama 100 katika saa yenye pilikapilika nyingi, kwa hiyo barabara inayobeba daladala za Ujiji haihusiki. Kwenye miteremko yetu, ukingo ndio unaoyaelekeza maji ya mvua mtaroni. Ukiuondoa, sharti uchonge mfereji mwingine, la sivyo udongo mwekundu utaingia vibarazani.

Tena yuko mzee mmoja asiyeona, ambaye kila asubuhi hufuata ukingo wa barabara ya lami kwa fimbo yake, akiugonga kila baada ya hatua mbili, na ukingo unapokatika husimama akasikiliza. Kwa ajili ya watu kama yeye, serikali ya Uingereza mwaka 2018 iliziomba halmashauri zisitishe kwanza miradi ya barabara za pamoja zisizo na ukingo kwenye maeneo yenye magari na watu wengi. Anayeondoa ukingo lazima amwekee ukanda wa vigae vyenye vinundu, atakaoutambua kwa fimbo na kwa nyayo.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mkutanoni, naomba barabara yetu iandikwe kwenye muhtasari kama ilivyo: barabara ambayo bado haijajengewa njia ya waenda kwa miguu.