Nyaya ndogo za mbele ya kesi, na mahali pake kwenye mazabodi

Ukishapachika prosesa (ubongo wa kompyuta) na kukaza skrubu za mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote, inabaki kazi inayowatoa jasho wengi wanaounda kompyuta kwa mara ya kwanza: fungu la nyaya nyembamba zinazoning'inia kutoka mbele ya kesi, yaani sanduku la kompyuta, kila mmoja na kichwa chake cheusi cha plastiki. Kuunda kompyuta ndiyo kazi yangu, na swali ninaloulizwa sana ni hili: nikikosea hapa, si nitaunguza kila kitu? Kwa vichwa hivi vidogo, hapana. Uangalifu wako uweke kwenye plagi kubwa, nitakazozieleza hapo chini.

Jua kwanza kila waya una kazi gani. POWER SW unatoka kwenye kitufe cha kuwashia. Kitufe hicho hakipitishi umeme unaoendesha kompyuta. Kinagusanisha tu pini mbili kwa muda mfupi, mazabodi inaupokea mguso huo, nayo inaiamuru pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) iwake. RESET SW ni vivyo hivyo, ila wenyewe huianzisha kompyuta upya. Nyaya za vitufe hivi hazina chanya wala hasi, chomeka upande wowote utakao.

Taa ndizo zenye pande. POWER LED huonyesha kompyuta imewaka, HDD LED humetameta diski inapofanya kazi. Umeme hupita ndani ya taa hizi kuelekea upande mmoja tu, kwa hiyo ukizigeuza hazitawaka, na hakuna litakaloharibika. Zima, geuza kichwa, washa tena. Chanya utaitambua kwa alama ya + au pembetatu ndogo iliyochorwa kwenye plastiki. Waya mweusi au mweupe mara nyingi ni hasi, lakini watengenezaji wa kesi hawafuati rangi moja, kwa hiyo amini alama kuliko rangi.

Sasa tazama kona ya chini ya mazabodi, upande wa kulia. Utaona safu mbili za pini, na kando yake pameandikwa F_PANEL, JFP1 au PANEL. Pini ni 9, kwa kuwa nafasi moja ya pembeni imeachwa wazi makusudi. Pengo hilo ndilo dira yako. Kwenye mazabodi nyingi, ukianzia penye pengo na kufuata safu ileile, pini mbili za kwanza ni za kitufe cha kuwashia, mbili zinazofuata ni za taa yake, hasi kwanza kisha chanya. Safu ya pili inaanza na pini isiyotumika, halafu mbili za RESET, halafu mbili za taa ya diski, nazo hasi kwanza. Hata hivyo fungua kijitabu cha mazabodi yako uhakikishe, maana zipo zilizopangwa tofauti.

Kuna kesi ambazo kichwa cha POWER LED kina matundu matatu, la katikati tupu, wakati mazabodi inataka pini mbili zilizo jirani. Usilazimishe. Kwa ncha ya sindano inua kile kilimi cha plastiki, vuta waya utoke pamoja na kichuma chake, kisha uusukume kwenye tundu la katikati mpaka usikie umeshika.

Plagi ya USB 3 ndiyo ninayoiogopa. Ni pana, waya wake ni mnene na mgumu, na soketi yake ina pini 19 nyembamba zinazopinda kirahisi. Linganisha jino la plagi na mkato wa soketi, sukuma wima kwa nguvu sawa pande zote. Ukiichomoa usiiyumbishe kushoto na kulia, kwani pini zinaweza kupinda au hata soketi nzima kung'oka.

Plagi za USB 2 na za sauti zinafanana, kila moja ina matundu 9. Ile ya USB imezibwa tundu la pembeni kabisa, ya sauti imezibwa la pili kutoka mwisho. Ya sauti ichomeke mapema, kabla ya kadi ya michoro, maana soketi yake huwa kwenye kona ya chini kushoto na baadaye mkono haupenyi.

Ukibonyeza kitufe na pasitokee kitu, kagua swichi ya nyuma ya pawasaplai na plagi kubwa za umeme. Zikiwa sawa, chomoa POWER SW na uguse pini zake mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Umeme wa hapo hauzidi volti 5. Feni zikizunguka, mazabodi ni nzima na ubovu uko kwenye kitufe au waya wake. Chukua kichwa cha RESET SW ukichomeke kwenye pini hizo, na kitufe cha RESET kitakuwashia kompyuta mpaka utakapopata kingine.