Eti VETA ni ya waliofeli?

Hii kasumba ipo sana Bongo, kijana wa kituo cha yatima akipelekwa VETA (mafunzo ya ufundi stadi ya serikali) watu wanasema basi shule imemshinda. Si kweli jamani. VETA ipo kisheria tangu 1994, ina ngazi 3 za vyeti, na hata aliyejifunzia gereji mtaani anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Sasa sheria ya mtoto ya 2009 inasema mtoto ni chini ya miaka 18, akishavuka hapo anaanza kuulizwa kituoni utaenda wapi, na wengi hawana hata mjomba wa kuwapokea, kwa hiyo umeme au ushonaji ndo kodi ya chumba hiyo. Wafadhili wanalipa ada (asanteni) ila cherehani au plaizi wanasahau.