Mkono Ni Wako, Mchoro Huenda Si Wako: Ufafanuzi kwa Waandishi na Wachoraji wa Katuni Wakongwe wa Lamu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kuanzia Amu hadi Faza na Mpeketoni, unaodai kwamba serikali inasajili waandishi na wachoraji wa katuni wa zamani, na kwamba atakayetuma shilingi 500 atapangiwa kazi na kupewa "pesa za heshima" kila mwezi. Ujumbe huo si wa ofisi yetu, inayowasikiliza waandishi na wachoraji wenye malalamiko kuhusu kazi zao. Hatutozi ada ya kumsikiliza msanii. Hatuajiri wachoraji. Hatuna mfuko wa katuni. Aliyekwisha kutuma fedha aende polisi na ule ujumbe wa M-Pesa ukiwa bado kwenye simu, na tafadhali asiufute kwa hasira kama walivyofanya wawili waliofika kwetu.

Hata hivyo ujumbe huo umewatoa wazee majumbani. Tumepokea watu ambao msomaji mwenye mvi huenda anaikumbuka michoro yao ingawa jina limemtoka. Walichorea magazeti ya Mombasa na Nairobi, wakaandika vijitabu vya malaria, vya uchaguzi, vya kasa na mikoko. Leo wanaandika majina ya mashua na kuchora punda kwenye fulana za watalii. Mkono bado ni imara na wanataka kazi. Karibu kila mmoja anakuja na bahasha ya malalamiko, na maelezo huanza vilevile: "Mimi ndiye niliyechora, kwa hiyo ni yangu."

Si lazima, mzee wangu. Hapa ndipo penye kazi yote ya makala haya.

Kwa kawaida hakimiliki, yaani haki ya kuamua nani anakili na kuuza kazi, huanza kwa aliyeibuni kazi. Lakini kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinasema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu mwingine, au imefanywa na mwajiriwa katika ajira yake, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au mwajiri, isipokuwa kama pande mbili zimekubaliana vingine. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Ukinyamaza, sheria inakusemea, na haisemi upande wako. Shirika likikuagiza kijitabu cha kurasa 16 kuhusu kasa, likakulipa, mkapeana mikono pale Mkunguni bila karatasi, basi likikichapisha mara ya pili na ya tatu hujaibiwa. Inauma, naelewa. Lakini kuniambia kwamba mkurugenzi "aliahidi kunikumbuka" hakubadilishi kifungu cha 31.

Dawa yake haihitaji wakili wa Mombasa. Karatasi moja, iliyotiwa saini kabla ya penseli kugusa meza, inatosha. Iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida: "Hakimiliki inabaki kwa mchoraji. Mteja anaruhusiwa kuchapisha nakala 2,000 kwa Kiswahili, nchini Kenya, kwa muda wa miaka miwili. Matumizi mengine yoyote, yakiwemo ya mtandaoni na kwenye mavazi, yatalipiwa kwa makubaliano mapya." Hapo chini andika bei, arubuni, siku ya kukabidhi kazi, na ni marekebisho mangapi yamo ndani ya bei hiyo. Hili la marekebisho msilidharau. Nimeona mchoraji akichora upya ukurasa mmoja mara saba kwa sababu kila ofisa wa mradi alitaka kanzu ya rangi nyingine.

Kama mteja anataka haki zote, ni ruhusa yake kuzitaka na ni ruhusa yako kupandisha bei. Kwa kazi ambayo hakimiliki yake iko mikononi mwako, kuihamisha kunahitaji maandishi yenye saini yako. Neno la mdomo halihamishi kitu hapo, wala risiti ya M-Pesa peke yake. Na hata ukiuza, kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutajwa kuwa mbunifu na haki ya kupinga mchoro wako kuharibiwa kwa namna ya kukuvunjia heshima. Kwa mtu anayetafuta vibarua, jina lililochapishwa pembeni mwa ukurasa ndilo tangazo lake. Lidai.

Wengi hutuambia kwamba Marekani wachoraji wazee wanatunzwa. Ni vizuri kuzijua habari hizo zote. Mwaka 1938 vijana wawili, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, walilipwa dola 130 kwa kurasa 13 za kwanza za Superman, yule shujaa wa katuni, dola 10 kwa ukurasa, na pamoja na kurasa hizo wakatia saini kuhamisha haki zote. Walihangaika kwa miongo, wakaenda mahakamani, na ni mwaka 1975, wakiwa wazee, ndipo kampuni iliyoimiliki katuni hiyo ilipokubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kazi. Huko kuna shirika la hisani liitwalo Hero Initiative, lililoanzishwa mwaka 2000, linalowasaidia wabunifu wakongwe wa katuni kwa matibabu na mahitaji ya lazima, na kuwatafutia njia ya kurudi kwenye kazi ya malipo. Ni jambo zuri. Lakini linaendeshwa kwa michango, si kwa amri ya serikali, na lilizaliwa kwa sababu mikataba ya zamani ilikuwa kama hiyo ya dola 130.

Sasa usajili. Hakimiliki haitokani na usajili. Inatokana na kuibuni kazi na kuiweka katika umbo linaloshikika. Cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ni ushahidi wa kuanzia ukifika mahakamani. Maombi hufanywa mtandaoni: unafungua akaunti, unajaza jina la kazi, aina yake, mwaka wa kubuniwa na majina ya wabunifu wote, unapandisha nakala iliyoskaniwa, kisha unasubiri. Kama hadithi ni ya mmoja na michoro ni ya mwingine, wote wawili waandikwe. Kumwacha mwandishi kwa kuwa "yeye alitoa maneno tu" ni chanzo cha kesi nyingine. Ile desturi ya kujitumia mchoro kwa barua ya rejista na kuiweka bila kuifungua haimo katika sheria yetu. Nimeshaletewa bahasha za namna hiyo zikiwa na matundu ya mchwa, muhuri wa posta haukusomeka tena.

Anayenakili na kuuza kazi ya mwingine bila ruhusa anaweza kushtakiwa kwa jinai chini ya kifungu cha 38, ambako adhabu inaweza kuwa faini, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Anaweza pia kudaiwa fidia katika kesi ya madai. Kubadilisha rangi ya kikoi cha mhusika au kumgeuza punda atazame kushoto hakumwokoi mwenye kiwanda cha fulana. Wala kukuta picha kwenye simu si ruhusa. Haya nayasema kwa wenye maduka ya ufukweni, ambao najua wanasoma.

Deni la kazi ni suala jingine, na watu hulichanganya na hakimiliki kila siku. Kama ulikubaliana malipo na hukulipwa, hilo ni dai la mkataba, na sheria inakupa miaka 6. Mtu amekuja na deni la mwaka 1998! Deni lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako unajisemea mwenyewe bila wakili na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Uliza rejista ya mahakama iliyo karibu nawe. Nenda na mazungumzo ya simu, ankara, na nakala ya kazi uliyokabidhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuhusu ankara: tangu Januari 2024 mashirika na kampuni hutaka ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya mapato, kwa sababu bila hiyo hayawezi kuyahesabu malipo hayo kuwa gharama mbele ya KRA. Mwenye simu ya kabambe anaweza kujaribu *222#. Wachoraji wazuri wanapitwa na kazi kwa ajili ya hili tu. Na ukikuta umepungukiwa asilimia 5 kwenye malipo ya kitaalamu ya kuanzia shilingi 24,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya zuio, ambayo mteja huikata na kuipeleka KRA kwa niaba yako. Mteja hajakuibia. Dai cheti chake, kwa sababu fedha hizo zinahesabiwa unapojaza ritani ya kodi.

Wapo waliouliza zile zabuni za serikali za asilimia 30. Zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu; uzee peke yake haumo. Mama aliyechora tangu ujana anaweza kuomba kupitia kampuni yake. Mzee wa kiume asiye na ulemavu aombe kwenye ushindani wa kawaida, au aingie kazini kama mchoraji wa kampuni ya vijana, kwa karatasi ile ile niliyoieleza juu.

Msaada uliopo ni ule wa raia wote. Waliotimiza miaka 70 waulize kwa chifu Inua Jamii, mpango wa serikali wa fedha za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Wasio na mshahara wachangie SHA, bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, nao hulipa kwa mwaka mzima. Ambao bado wana nguvu waangalie akiba ya Haba Haba ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kuanzia shilingi 25 kwa siku.

Jambo moja linalosahauliwa: hakimiliki hudumu maisha yako na miaka 50 baada ya mwaka unaofariki, na hurithiwa kama mali nyingine inayohamishika. Tumeona mirathi ikigawiwa hadi sufuria, huku sanduku la michoro likitupwa kwa kuwa "ni makaratasi ya babu". Waonyesheni watoto orodha: kazi gani, ya mwaka gani, imeuzwa au imekodishwa kwa nani.

Mnaokuja ofisini njooni asubuhi, na Ijumaa kabla ya watu kwenda msikitini. Leteni kitambulisho, PIN ya KRA, na mikataba yoyote mliyonayo hata ikiwa imechanika. Michoro yenyewe leteni nakala. Ya asili ibaki nyumbani, juu ya kabati, mbali na ukuta wa baharini. Paa la ofisi yetu linavuja.