Je, wajua kwa nini baba wa Kapernaumu aliuliza saa?

Ukifika zahanati yoyote hapa Kigoma na mtoto anachemka mgongoni, utaulizwa homa imeanza lini. Katika Yohana 4:46–54 yupo baba aliyeuliza kinyume chake. Watumishi wake walimpokea njiani na habari kwamba mwanawe ni mzima, naye akataka kwanza kujua alipata nafuu saa ngapi.

Baba huyo ni diwani (si wa kata, yaelekea alimtumikia Herode Antipa, mtawala wa Galilaya). Mtoto yuko mahututi Kapernaumu, kando ya ziwa, na Yesu yuko Kana, huko vilimani. Ndiyo maana anamsihi ashuke, kama mtu wa Kasulu anavyoshuka kuja Kigoma mjini. Yesu hashuki. Anamwambia tu, "Enenda, mwanao yu hai," na baba anaondoka bila dawa wala mtu wa kufuatana naye.

Watumishi walimjibu, "Jana, saa saba, homa ilimwacha." Saa saba hiyo ni kama yetu, baada ya adhuhuri, kwani Wayahudi nao walihesabu saa tangu jua kuchomoza. Wapo wanaodai Yohana alihesabu kuanzia usiku wa manane, lakini katika 11:9 Yesu mwenyewe anataja saa kumi na mbili za mchana. Kwangu hilo latosha.

Ila kwa nini "jana"? Kutoka Kana hadi Kapernaumu ni kilomita 25 hadi 30 hivi, na mwisho wake ni mteremko hadi ziwani. Wafafanuzi wengine husema alilala njiani, moyo ukiwa umeshatulia. Wengine hukumbusha kwamba siku ya Kiyahudi huanza jua likizama. Kwa watu wa Ujiji hilo si geni: mwezi ukiandama jioni Ramadhani imeshaingia, na tarawehe husaliwa usiku uleule, kabla ya funga ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, kama walikutana baada ya magharibi, saa saba mchana ilikuwa jana tayari. Naegemea huku. Mzazi wa mtoto mgonjwa, hata akiamini, simwoni akitafuta pa kulala.

Sasa swali lenyewe. Homa hupanda na kushuka, kila mzazi anajua. Ingekuwa imeshuka asubuhi, kabla hajaonana na Yesu, habari ingekuwa nyingine kabisa. Na watumishi hawakusikia lililosemwa Kana, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kupanga jibu la kumfurahisha bwana wao.

Yohana anataja imani yake mara mbili: alipoambiwa neno akashika njia, kisha saa zilipolingana, akaamini yeye na nyumba yake yote. Hao wa nyumbani walikuwa wameona homa ikiacha, bila kujua kwa nini. Baba alijua neno tu, hajaona kitu. Bila kuuliza saa, kila upande ungebaki na nusu ya habari.